Kuuza Baiskeli za Umeme kwa Kuchangisha Mtandaoni: Mitego Iliyopo na Jinsi ya Kuikwepa

Biashara hii huanza kwa furaha. Unaunda baiskeli moja nzuri, unairekodi ikipanda kilima, unaiweka Kickstarter au Indiegogo, majukwaa ya kuchangisha pesa mtandaoni, na kabla mwezi haujaisha watu usiowajua wamekulipa kwa bidhaa ambayo bado haipo. Mwaka 2015 baiskeli ya Storm, ya Sondors wa California, iliomba dola 75,000 kwenye Indiegogo ikaondoka na zaidi ya milioni 6. Mwaka 2018 kampuni ya MATE ya Copenhagen ilivuka milioni 10 kwa baiskeli yake ya kukunja, MATE X.

Anayetazama kwa mbali huona mtaji wa bure. Hilo ni deni, tena lenye tarehe, na wanaokudai ni maelfu. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza miradi ya Kickstarter ya ubunifu na teknolojia, na mwaka 2014 akaeleza kuwa zaidi ya asilimia 75 ilichelewesha bidhaa. Mwaka uliofuata alikadiria kuwa asilimia 9 ya miradi iliyopata pesa haikutimiza ahadi kabisa. Baiskeli ya umeme iko upande mgumu zaidi wa orodha hiyo: ni nzito, ina betri inayoweza kuwaka moto, na kila nchi ina sheria yake juu yake. Anayeingia humo lazima apige hesabu kabla ya kupiga video.

Hatua ya 1: Jua ni nani atakayedaiwa

Kickstarter haipokei miradi kutoka kila nchi. Nchi za Afrika Mashariki hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo wakazi wake wanaweza kufungua kampeni. Kwa hiyo njia inayotumika ni kumtafuta ndugu au rafiki aliyeko Uingereza, Ujerumani au Marekani, akafungua kampuni na akaunti ya benki, mradi ukapita kwa jina lake. Inawezekana, lakini mwambie ukweli wote kabla hajatia saini. Machoni pa sheria muuzaji ni yeye. Barua ya mamlaka ya kodi itakwenda kwake, na mteja aliyekosa baiskeli atamshtaki yeye. Usimfanyie hivyo dada yako wa Birmingham kwa mazungumzo ya simu ya dakika kumi. Andikeni mkataba unaosema nani anamiliki kampuni, nani anaruhusiwa kugusa pesa, na hasara ikitokea inabebwa vipi.

Wapo wanaoamini kwamba mchangiaji hana haki kwa sababu majukwaa yenyewe yanasema si maduka. Jukwaa linajitoa lenyewe, halikutoi wewe. Kanuni za Kickstarter zinakutaka utimize ahadi au urudishe pesa, au ueleze kwa uwazi zilivyotumika. Nje ya jukwaa kuna serikali. Mwaka 2014 jimbo la Washington lilimfikisha mahakamani mtu aliyechangisha pesa za karata za kuchezea asiwape wachangiaji karata hizo. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani nayo ilifungua kesi yake ya kwanza ya aina hii, dhidi ya mtu aliyechangisha zaidi ya dola 122,000 kwa mchezo wa mezani, ikimtuhumu kuzitumia kwa mambo yake binafsi, kodi ya nyumba ikiwamo. Karata na mchezo wa mezani ni vitu vidogo. Pima mwenyewe baiskeli ya dola elfu moja itawatia watu hasira kiasi gani.

Wale wanaochangisha nyumbani, kwa M-Pesa na kundi la WhatsApp, nao wasijidanganye. Pesa ya oda ni pesa ya oda. Fungua akaunti ya pembeni, isichanganyike na ada ya watoto wala na mtaji wa duka.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya baiskeli moja mpaka mlangoni

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia, na hufa siku ya kwanza, ingawa mwenyewe hugundua baada ya mwaka. Kosa ni kuchukua bei ya kiwanda, kuongeza faida kidogo, na kuita jumla hiyo bei ya kuuzia.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate hadi mwisho. Unauza baiskeli kwa dola 1,000 kwa wateja wa Ujerumani, kiwanda cha China kinakuuzia kwa dola 520. Inaonekana una 480 mkononi.

Anza na VAT. Umoja wa Ulaya unahesabu mchango wa kupata bidhaa kuwa ni mauzo. Kama 1,000 ndiyo bei anayolipa mteja, humo ndani kuna VAT ya Ujerumani ya asilimia 19, yaani dola 160. Zimebaki 840. Jukwaa linachukua asilimia 5 ya ile 1,000, ambayo ni 50, na mchakataji wa malipo karibu asilimia 3, ambayo ni 30. Zimebaki 760. Matangazo nayo yanataka chake, maana kampeni za siku hizi hazijiendeshi zenyewe. Tuseme umetumia 150 kwa kila baiskeli iliyouzwa. Zimebaki 610. Mlipe mwenye kiwanda 520 yake, zimebaki 90. Meli na gharama za bandari 45, zimebaki 45. Ushuru wa forodha wa Ulaya kwa baiskeli ya umeme ni asilimia 6, unaotozwa juu ya bei ya kiwanda pamoja na usafiri, yaani 34. Zimebaki dola 11. Kisha gari la kuifikisha mlangoni kwa mteja, boksi la kilo 25 na zaidi, tuseme 70. Sasa uko chini kwa dola 59, na hujanunua spea hata moja.

Na bado. Tangu Januari 2019 Umoja wa Ulaya unatoza baiskeli za umeme za China ushuru wa ziada wa kuzuia bidhaa za bei ya kutupa na zenye ruzuku, kati ya asilimia 18.8 na 79.3 kulingana na kiwanda. Ushuru huo uliongezewa muda mwaka 2025. Kwa kiwango cha chini kabisa unaongeza dola 106, hasara inafika 165 kwa kila baiskeli. Ukiuza 300 umejichimbia shimo la dola 49,500 huku ukurasa wako unang'aa kwamba umefanikiwa. Kwa kiwango cha juu, ushuru huo peke yake ni dola 448.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza bei, muulize mwenye kiwanda kwa maandishi: jina la kiwanda chako limo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya ushuru huo, na kwa kiwango gani? Akikwepa swali, hesabu kiwango cha juu. VAT inayolipwa bandarini hurudishwa kwa kampuni iliyosajiliwa, lakini hurudi baadaye, kwa hiyo unahitaji fedha taslimu ya kuitanguliza.

Marekani nako si shwari. Agosti 2018 baiskeli za umeme za China zilipigwa asilimia 25 ya ziada, na mwaka 2025 viwango vilipanda na kushuka mara kadhaa. Aliyepanga bei Januari na kupakia meli Septemba alikuta nchi nyingine. Bei ya usafiri nayo haikai. Mwaka 2021 kontena la futi 40 kutoka Asia lilivuka dola 10,000, wakati miaka michache kabla lilikuwa katika maelfu machache tu.

Kwa anayeleta Afrika Mashariki kuna mtego mdogo unaoumiza: kwenye vitabu vya forodha baiskeli ya umeme haikai na baiskeli. Baiskeli ya kawaida ni namba 8712, ya umeme ni 8711.60, kwenye kundi la pikipiki. Mpe wakala wako wa forodha namba hiyo, akupe hesabu iliyoandikwa. Usipokee jibu la "ni baiskeli tu hiyo, haina shida". Kenya iliziweka baiskeli za umeme kwenye VAT ya asilimia sifuri kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ila sheria hiyo huandikwa upya kila mwaka, kwa hiyo soma ya mwaka utakaopokea mzigo. Hakikisha pia cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirisha, kile wanachokitaka TBS na KEBS, kimepatikana kabla meli haijaondoka.

Ukishamaliza yote hayo, ongeza asilimia 15 ya dharura. Bei ikikuogopesha, umeifahamu biashara yako.

Sondors walitangaza dola 499 na usafiri ukalipwa pembeni, karibu dola 200 kwa mteja wa Marekani. Wengi walilalamika, ila mimi naona afadhali hivyo kuliko kumeza usafiri ndani ya bei na kushindwa kuulipa. Cha muhimu ni mteja aione jumla kabla hajatoa kadi.

Hatua ya 3: Chagua nchi, kisha ndipo uchague mota

Watu hufanya kinyume. Wanapenda mota ya wati 750 kwa sababu inavutia kwenye video, halafu wanauza dunia nzima.

Ulaya, baiskeli inayohesabika kuwa baiskeli ina mota isiyozidi wati 250 za kudumu, inasaidia pale tu mtu anapokanyaga, na inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Kiwango chake ni EN 15194. Ukizidisha, hiyo ni pikipiki: inadai usajili, bima na kofia ngumu. Uingereza ni wati 250 na maili 15.5 kwa saa. Marekani sheria ya shirikisho inaruhusu hadi wati 750 na maili 20 kwa saa kwa nguvu ya mota peke yake, kisha majimbo yanaongeza ya kwao. Mteja wa Hamburg ukimpelekea baiskeli ya wati 750 umemuuzia kesi.

Jiji la New York lina sheria yake. Mwaka 2023 watu 18 walikufa huko kwa moto wa betri za lithiamu, na tangu Septemba mwaka huo hairuhusiwi kuuza baiskeli ya umeme isiyo na cheti cha UL 2849. Cheti hicho ni cha mfumo mzima wa umeme, yaani mota, kontrola (kidhibiti cha umeme wa mota), betri na chaja vikiwa pamoja. Ukibadilisha chaja ili kuokoa dola tatu, cheti hakikuhusu tena.

Ushauri wangu ni kuuza nchi moja, au kundi moja la nchi zenye sheria moja. Watakaokuandikia "mbona hamleti Brazil?" wajibu kwa upole kwamba bado.

Hatua ya 4: Betri ishughulikie mapema kuliko rangi

Pakiti ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya akiba inayozidi wati-saa 160, na tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kwenye shehena ya ndege za abiria. Maana yake, mteja wa Oslo betri yake ikifa huwezi kumtumia nyingine kama unavyotuma simu. Itakwenda kwa ndege ya mizigo yenye masharti makali, au kwa meli. Kwa hiyo betri za akiba zipakie kwenye kontena lilelile la baiskeli, angalau tatu au nne kwa kila mia.

Dai karatasi hizi kabla ya kulipa arubuni: ripoti ya majaribio ya UN 38.3 ya pakiti yako yenyewe (wengi hutoa ya seli peke yake, yaani zile betri ndogo zinazounda pakiti), karatasi ya usalama wa kemikali, na jina la aliyetengeneza seli. Muulize pia wakala wa meli anatumia namba gani ya hatari. Baiskeli zenye betri za lithiamu-ioni zilikuwa zikisafiri kwa UN 3171, na kanuni za 2025 zimezihamishia UN 3556. Kontena lililoandikiwa namba isiyo yake hukaa bandarini, na kila siku linalipiwa.

Kuna jambo ambalo halionekani kwenye karatasi. Pakiti ya volti 36 ina seli kumi kwa mfululizo: ikijaa inasoma karibu volti 42, ikishuka kuelekea 30 iko taabani. Ndani yake kuna bodi ndogo ya ulinzi ambayo hunyonya chaji kidogo kidogo hata baiskeli ikiwa imezimwa. Betri iliyotoka kwa mtengenezaji wake na chaji kidogo, ikakaa kwenye kiwanda cha baiskeli mwezi, baharini wiki sita, ghalani miezi miwili, inaweza kufika imekufa na haijawahi kuzunguka tairi hata mara moja. Mzigo ukifika chukua multimita, fungua maboksi kadhaa ya katikati ya kontena, pima. Zilizo chini zichajiwe wiki hiyohiyo, na iliyoshuka kupita kiasi isifufuliwe kwa ujanja wa fundi. Hiyo ndiyo inayokuja kuunguza nyumba ya mtu.

Hatua ya 5: Sampuli moja nzuri haikuhakikishii kitu

Sampuli ya video imefungwa na fundi bora wa kiwanda, taratibu, nati kwa nati. Baiskeli ya 217 itafungwa na mtu mwenye haraka. Kabla ya kampeni, agiza kumi za aina ileile utakayouza, kutoka kwenye laini ya kawaida, uwape watu wazito, watu wa milimani na wa mitaa yenye mashimo. Watumie miezi mitatu, mvua ikiwamo.

Angalia gurudumu la nyuma kwanza. Mota ikiwa kwenye haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, uzito wote na mvuto wote unaangukia spoki, na spoki nyembamba huanza kukatika moja moja baada ya wiki chache. Hilo halitokei kwenye video ya dakika mbili. Dai spoki nene, na dai zikazwe tena kabla ya kufungwa kwenye boksi. Kisha breki: baiskeli ya kilo 25 ikishuka mteremko na mzigo inahitaji diski nzuri, si zile za baiskeli ya mtoto. Na soketi za waya, kama maji yanaingia.

Tumia vipuri vya kawaida vinavyopatikana kwa fundi yeyote. VanMoof wa Uholanzi, ambao huko nyuma waliwahi kupita Kickstarter, walifilisika Julai 2023. Baiskeli zao zilikuwa na vipuri vya kwao peke yao na zilitegemea programu ya simu. Wateja walihangaika kuhifadhi funguo za kidijitali za baiskeli zao wakihofia seva kuzimwa, hadi washindani wao Cowboy wakawatengenezea programu ya kuzitoa. Baiskeli yako iweze kuwaka hata kama kampuni yako haipo tena.

Hatua ya 6: Weka lengo la kweli, na ujue wakati wa kusimama

Usiweke lengo dogo ili ukurasa useme "asilimia 800". Lengo ni kiasi ambacho chini yake huwezi kutengeneza. Kiwanda kikikuambia oda ya chini ni baiskeli 200, lengo lako ni pesa ya baiskeli 200 hadi mlangoni. Kickstarter usipofikia lengo hakuna anayekatwa pesa. Indiegogo kwa miaka mingi ilikuwa na mpangilio wa kuchukua chochote kilichopatikana, na mpangilio kama huo kwa baiskeli ni hatari: utabaki na oda 60, kiwanda hakitaki kukufungulia laini, na wateja 60 wanakudai.

Weka pia kikomo cha juu kwenye bei ya mapema. Kama bei hiyo ina hasara kidogo ya kuvutia watu, iwe kwa 50 wa kwanza, basi. Na usiahidi nyongeza pesa zikiongezeka, kama vile taa mpya, rangi ya tatu au skrini kubwa. Kila nyongeza ni sampuli mpya, cheti kipya na mwezi mwingine.

Jokofu la kubeba la Coolest linapaswa kukumbukwa na kila anayeuza kitu kizito kwa njia hii. Mwaka 2014 watu zaidi ya 62,000 walitoa dola milioni 13. Gharama ilizidi bei waliyoahidi, kampuni ikaanza kuuza Amazon ili ipate pesa huku wachangiaji wakisubiri, na ilipofunga mwishoni mwa 2019 karibu 20,000 walikuwa hawajapata kitu. Umati wa wateja haukuziba hasara ya kila kimoja, uliiongeza.

Hatua ya 7: Mlipe mwenye kiwanda kwa vipindi, na mkaguzi awe wako

Kawaida ni asilimia 30 ya arubuni na 70 kabla ya kupakia. Hiyo 70 isitoke mpaka mkaguzi uliyemlipa mwenyewe amefungua maboksi aliyoyachagua yeye na kukutumia picha za namba za fremu, lebo za betri na kipimo cha breki. Mkataba utaje aina ya seli, unene wa spoki, modeli ya kontrola, na useme kubadilisha chochote bila kibali chako cha maandishi ni kuvunja mkataba. Kiwanda kikipungukiwa huweka mbadala, na mara nyingi hakisemi.

Hatua ya 8: Panga tarehe kwa kalenda ya wengine

Viwanda vya China hufungwa kwa mwaka mpya wao, Januari au Februari, na baadhi ya wafanyakazi hawarudi. Oda iliyokosa kutoka kabla ya hapo ihesabie mwezi mzima na zaidi. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za kwenda Ulaya ziliacha Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikiwa ni siku kumi hadi kumi na nne za ziada. Chukua muda uliopangiwa na kiwanda, ongeza nusu yake, ongeza meli na forodha. Tarehe hiyo ndiyo utangaze.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika, sema wiki hiyohiyo

Andika kila mwezi, tarehe ileile, hata kama hakuna jipya. Tatizo likitokea litaje kwa jina lake: "spoki zimekatika kwenye majaribio, tumezirudisha, tunachelewa wiki tano." Wachangiaji huvumilia spoki, ukimya hawauvumilii. Wakianza kuziambia benki zao zirudishe malipo, pesa huondoka kwenye akaunti yako pamoja na faini, na kwa baiskeli ambayo pengine umeshaipeleka.

Hesabu ikionyesha pesa haitoshi, simamisha matangazo na uache kupokea oda mpya siku hiyo. Pesa ya oda mpya kulipia baiskeli za zamani ndiyo iliyowamaliza wengi, na ndipo uzembe unapogeuka utapeli mbele ya hakimu. Wape watu njia mbili zilizoandikwa: kuongeza kiasi fulani kwa hiari wapate mapema, au kurudishiwa kilichobaki kwa uwiano. Weka wazi matumizi yote, risiti ya kiwanda ikiwamo. Anayejitolea kuongeza apewe tarehe ya mzigo ulio tayari bandarini, usimpe tarehe ya matumaini.

Na zikishafika zote, usiuze maboksi ya mwisho. Bakiza baiskeli kumi za kung'olewa vipuri kwa miaka miwili ya dhamana: kontrola, skrini, vishikio vya breki, gurudumu zima la nyuma lenye mota. Ziandike kwenye hesabu tangu mwanzo kuwa zimeshauzwa.